Samaki wa kununua Malindi: mwongozo kwa anayeanza, kutoka bandarini mpaka sufuriani

Kila wiki swali ni lile lile. Mtu kahamia Malindi kutoka bara, au ni binti wa hapa hapa kaolewa juzi na kwao alikuwa anawekewa samaki ashaparwa ashakatwa, anakuja ananiuliza, dada, samaki mzuri ni yupi? Namwambia changu. Kesho yake anarudi, mbona yule changu alikuwa ananuka? Namwambia basi alikuwa wa juzi. Sasa wa juzi nitamjuaje? Hapo ndo naona sijamsaidia kitu, manake jina la samaki ni robo tu ya jibu.

Marehemu mamangu alikuwa mama karanga hapa mjini, yaani wa kukaanga samaki na kuuza, mimi nimekulia pembeni ya karai la mafuta, na sasa ni miaka 19 nanunulia samaki jiko la watu, alfajiri ya Mungu niko bandarini. Haya niliyoandika ndiyo ninayoyafanya mwenyewe kila siku, kwa mpangilio huo huo. Ukiyafuata wiki mbili tatu mkono utazoea, hutahitaji kusoma tena.

Kabla hatujaanza nikwambie jambo moja tu ambalo mimi lilinichukua miaka kuliona. Samaki anayekufaa tumboni, na samaki ambaye bahari inaweza kukupa bila kuumia, mara nyingi ni yule yule mmoja. Papa anazaa watoto wachache na anachukua miaka mingi kukomaa, na huyo huyo papa ndiye aliyejaa zebaki, madini yenye sumu, mwilini kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa anakula samaki wadogo na kila mmoja anamwachia kidogo. Samaki wa juya, ule wavu wa kukokota, amekokotwa mchangani pamoja na majani na vitoto, amebondeka, na huyo huyo ndiye anayeanza kuoza kabla ya adhuhuri. Kwa hivyo usidhani nakuletea mambo mawili ya kukumbuka, ni chaguo moja.

Vitu vya kuwa navyo

- Kulaboksi, na kama huna basi ndoo yenye mfuniko na gunia lililoloweshwa maji la kuifunika.
- Barafu. Kwa joto letu hili kilo moja ya samaki inataka karibu kilo moja ya barafu. Najua ni nyingi, wengi wanaweka vipande vinne juu wanadhani wamemaliza.
- Hela zilizochenjiwa, manake ukitoa noti kubwa saa kumi na mbili asubuhi utangojeshwa chenji mpaka samaki wazuri waishe.
- Mkono wako. Utapimia shibiri na dhiraa kama walivyopima bibi zetu.
- Namba ya simu ya mvuvi mmoja au wawili. Hii huipati siku ya kwanza, inakuja ukishaonekana onekana.

Hatua zenyewe

1. Jua upepo uliopo

Usitoke nyumbani na jina la samaki kichwani. Toka ukiuliza sahi ni upepo gani. Kaskazi, tuseme Novemba mpaka Machi, bahari inatulia, vyombo vinatoka nje ya mwamba na hapo ndo utawaona jodari, nguru, kolekole, fulusi, vibua. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, mawimbi yanakuwa makubwa, madau na mitumbwi inabaki ndani ya mwamba, kwa hivyo samaki wa wakati huo ni tafi, changu, pono na wenzao, na bei inapanda. Katikati kuna tanga mbili, pepo zinapobadilishana, na hapo utapata huyu na yule.

Faida ya kujua hili ni moja kubwa. Mwezi wa sita, bahari imechafuka siku tano hakuna aliyetoka nje, mtu anakuuzia jodari anakuapia ni wa leo. Huyo jodari katoka friza, na friza si tatizo kama ilikuwa friza kweli, tatizo ni kwamba ushadanganywa mara moja na muuzaji wako.

2. Fika chombo kinapoingia

Nyavu zilizolazwa usiku zinavuliwa alfajiri, wavuvi wa mshipi wengi wanarudi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri kutegemea maji. Pweza wana kalenda yao: wanatafutwa maji yakitoka sana, yaani wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, watu wanatembea juu ya mwamba kwa miguu. Wakati wa maji mafu, yasipotoka sana, pweza wabichi ni haba. Ukiona beseni zima limejaa pweza siku ya maji mafu, uliza walikolala.

Ukifika usikimbilie wa kwanza kupiga kelele. Simama, tazama chombo kinachopakua, tazama samaki anatolewa wapi. Anatoka kwenye barafu, au anatoka chini ya mbao kwenye maji ya moto ya ngamani, yale yanayotuama chini ya chombo? Hapo tu ushajua nusu ya mambo.

3. Mkague, na umkague kwa mpangilio

Hapa usione haya. Mvuvi wa kweli hakasiriki ukimshika samaki wake, anayekasirika ndiye mwenye sababu.

Anza na mashavu. Fungua kwa kidole, ndani pawe pekundu kama damu iliyomwagika sasa hivi, na ute uwe mwembamba wa kung'aa. Yakiwa ya kahawia au ya kijivu, na ute mzito kama uji, mwache. Akiwa ameshatolewa mashavu yote asubuhi hiyo, mimi sinunui hata akiwa nusu bei, manake huyo mtu ametoa shahidi.

Kisha bonyeza mgongoni kwa kidole gumba. Nyama irudi. Shimo la kidole likibaki, samaki huyo ameanza kulegea. Halafu tumbo: likiwa limevimba laini, au limepasuka karibu na mkundu, matumbo yashaanza kuyeyuka.

Kisha harufu, na unuse ndani ya shavu, sio juu ya ngozi iliyomwagiwa maji. Samaki mbichi ananukia bahari na majani ya bahari, hana shombo lile la kukupanda puani.

Macho ndo nayaweka mwisho, ingawa kila mtu anafundishwa kuanza na macho. Jicho linadanganya pande zote mbili. Samaki aliyelala vizuri kwenye barafu jicho linaweza kuwa na ukungu na nyama yake bado ni safi kabisa, na aliyevutwa kutoka kina kirefu macho yanatoka nje ukadhani ana ugonjwa. Jicho liwe ushahidi wa nyongeza tu.

Wasio na mashavu ya kufungua: pweza mbichi ngozi yake ina rangi hai na ukimpangusa inabadilika, akishakuwa mweupe wa waridi na ngozi inabanduka mkononi huyo ni mzee. Kamba (wale wadogo wa Ngomeni na Mambrui nawasemea) kichwa kikiwa cheusi na kinachomoka chenyewe, waache. Kaa wa mikokoni nunua hai tu, awe mzito mkononi kuliko anavyoonekana, na ukimgusa jicho alivute. Kaa aliyekufa usimchukue hata akiwa bado ana joto la mikono ya muuzaji.

Kosa la kawaida hapa ni kuamini maji. Muuzaji anamwaga ndoo juu ya beseni kila dakika kumi, samaki wanametameta wote. Maji ya kawaida hayapozi samaki, na kama yamechotwa hapo hapo ufuoni ambapo mitaro inamwaga, basi umewekewa uchafu juu ya samaki aliyekuwa msafi.

4. Uliza lini, wapi, na kwa zana gani

Maswali matatu, uliza kwa adabu, salamu kwanza. "Shikamoo mzee, kaingia lini huyu? Mmemtoa upande gani? Wa mshipi ama wa wavu?" Utashangaa watu wanavyopenda kuulizwa kazi yao. Mzee mmoja nilimuuliza hivyo mwaka wa kwanza akanishika mkono akanionyesha pembe ya mdomo wa changu, kitundu kidogo cha ndoana, akaniambia "huyu nimemtoa mmoja mmoja mwanangu, angalia magamba yake." Magamba yote yalikuwa mahali pake, hata moja halijang'oka. Nikamtazama wa beseni la pili, ubavu mzima hauna magamba na ana mchanga mdomoni.

Alama ndo hizo, jifunze kuzisoma. Wa mshipi ana kitundu mdomoni. Wa malema, ile mitego ya kusukwa, hana jeraha popote, na mara nyingi anafika akiwa bado anapumua. Wa jarife au wavu wa kutega ana mstari wa uzi nyuma ya mashavu. Wa juya amechubuka, ana mchanga, na kwenye beseni lake utakuta kila kitu kimechanganyika: vitoto, majani, samaki wa aina kumi. Wa bunduki, ile ya kurusha mkuki chini ya maji, ana tundu la mkuki mwilini, na hilo tundu ndo mlango wa uozo. Akiwa mifupa imevunjika ndani na damu imevilia tumboni wakati nje hana jeraha, huyo ni wa baruti, usimguse.

Juya na bunduki vimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, wavu wa uzi mmoja wa plastiki pia hauruhusiwi. Na ndani ya paki ya bahari ya Malindi, ambayo ipo tangu 1968 pamoja na ile ya Watamu, hakuna kuvua kabisa. Muulize mvuvi yeyote atakwambia samaki wakubwa wako pembezoni mwa paki, manake wanazaana ndani wakijaa wanatoka. Ukinunua wa kuibwa ndani unakula mbegu.

Kuhusu kamba: Ghuba ya Ungwana kumekuwa na vuta nikuvute ya miaka baina ya trola na wavuvi wadogo, trola zikasimamishwa 2006, zikarudi 2011 kwa masharti. Trola inakokota wavu chini na kupakua samaki wengi ambao haikuwataka. Mimi nikipata kamba wa mvuvi mdogo wa Ngomeni, hata bei ikizidi, nachukua hao.

5. Pima ukubwa

Hapa ndo naomba unisikilize zaidi ya pote. Mwaka jana kulikuwa na beseni pale pwani, fungu bei ya chini kabisa, watu wamejaa. Nikainama nikachukua wachache mkononi. Changu, urefu wa kidole changu cha kati. Nikahesabu kwenye kiganja kimoja, vichangu saba, na vitafi vitatu, na kitewa kimoja chenye madoadoa yake tayari, kizuri kama kimechorwa. Hao wote hawajawahi kuzaa hata mara moja. Angeachwa akue, changu mmoja wapo angetosha mtu na mkewe.

Kanuni yangu: changu na tafi asiyefika shibiri, kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho ukitanua kiganja, simchukui. Tewa awe dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na hata hivyo simnunui mara nyingi. Pweza asipungue nusu kilo. Kamba wa mawe na kaa, mgeuze kwanza utazame chini ya mkia au chini ya tumbo, ukiona mayai yamejipanga kama punje za mtama mwombe muuzaji amrudishe majini kama yu hai.

Usichanganye vitoto na samaki wadogo kwa maumbile. Dagaa na simu hao ni watu wazima, wameumbwa hivyo, wale kwa raha zako.

6. Sasa chagua aina

Wa kula mara nyingi: dagaa, simu, vibua, tafi mkubwa, mkizi, ngisi, na pweza wa bamvua. Hawa wanakua haraka na kuzaana haraka. Dagaa na vibua juu ya hayo wana yale mafuta mazuri ya moyo na ubongo, na ukimla dagaa na miba yake umepata na madini ya mifupa. Watu wanawadharau kwa sababu ni rahisi. Mimi ningekuwa na uwezo ningewalazimisha watoto wote wa Malindi wale dagaa mara mbili kwa wiki.

Wa kula kwa kiasi: changu, kolekole, nguru, fulusi, jodari mdogo. Nguru wa kupaka hana mpinzani, sikatai, lakini awe wa siku maalumu.

Wa kufikiria mara mbili. Tewa, kwanza, manake tewa wengi wanaanza maisha wakiwa majike na wakishakuwa wakubwa ndo wanageuka madume, kwa hivyo mkivua wakubwa wote mnamaliza madume, mkivua wadogo wote mnamaliza majike. Pono, pili. Pono ndiye anayeparuza mwani kwenye mwamba ili matumbawe yapate pa kushika, na tangu lile joto la 1998 lililoua matumbawe mengi pwani yetu yote tunamhitaji zaidi. Na mnajua wenyewe tunasema mtu kalala usingizi wa pono, basi ndivyo alivyo, usiku kalala kwenye tundu lake hana habari na mwenye tochi na bunduki anamchoma tu. Tatu ni kikande. Yeye anakula wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wanaotuchoma miguu. Kikande wakiisha, hao wa miiba wanajaa na kuutafuna mwamba mpaka ubaki jiwe tupu.

Wa kuacha: papa, taa, nduaro na sulisuli. Papa ng'onda, yule wa kukaushwa, najua ni chakula cha wazee wetu na sisemi bibi yako alikosea, wakati wake papa walikuwepo. Sahi ukitazama jarife zinavyorudi, papa wanaoletwa ni wachanga.

Na wa kutogusa kabisa: bunju, yule anayejivimbisha, sumu yake haitoki kwa kupika, kwa ndimu wala kwa dua ya mpishi. Na kasa. Kasa analindwa na sheria, lakini weka sheria pembeni kwanza. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Nyama inaweza kuwa na sumu bila kubadilika rangi wala ladha, na mama akiila inapita mpaka kwenye maziwa. Anayekuletea kasa, hata kama ni jirani na amekuja na nia njema, mkatalie. Kasa akinaswa hai kwenye wavu upande wa Watamu, kuna shirika la Local Ocean Conservation linalowapokea na kuwarudisha baharini.

7. Fikiria nani anayekula

Kama una mimba, unanyonyesha, au unampikia mtoto mdogo, habari ya zebaki inakuhusu wewe kwanza, manake inagusa ubongo wa mtoto unaojengeka. Zebaki haitoki kwa kuosha wala kupika. Lakini tafadhali usije ukaacha samaki! Hilo ndo kosa ninaloliona, mtu anasikia neno zebaki anaacha samaki miezi tisa, anakula soseji. Mamlaka ya chakula ya Marekani yenyewe inawashauri wajawazito wale gramu 225 mpaka 340 kwa wiki, ila wawe wa zebaki kidogo, na wawache papa na nduaro kabisa. Kwa kwetu hapa maana yake ni dagaa, vibua, simu, tafi, ngisi, mara mbili mpaka tatu kwa wiki. Jodari mkubwa na nguru mkubwa wangoje mpaka mtoto aache ziwa.

8. Mfikishe nyumbani

Mwambie akutolee matumbo na mashavu hapo hapo, kisha barafu: tandaza chini, samaki, tandaza juu, na tumbo ulijaze barafu pia. Barafu za vipande vikubwa zivunje. Maji yanayoyeyuka yatoke, samaki asilale kwenye dimbwi.

Kwa jodari, vibua, fulusi na nguru hatua hii haina mjadala. Mwaka mmoja nilinunua vipande vya jodari saa tisa mchana kwa mchuuzi mmoja barabarani, vimefunikwa kanga vizuri, havinuki. Nikakaanga mpaka vikakauka. Nusu saa baadaye wanangu wawili nyuso nyekundu, masikio yanawaka moto, mmoja anashika kifua anasema moyo unakimbia. Kumbe samaki wa jamii hii akipigwa jua, vijidudu vinageuza nyama yake kuwa kemikali inayoleta mwasho kama mzio, na ikishaingia haitoki, si kwa moto wala kwa friza. Alama pekee niliyokuwa nayo nikaipuuza: kipande kilikuwa na ukali ulimini kama pilipili manga, na mimi sikuwa nimeweka pilipili.

9. Jikoni

Osha kwa maji safi, kausha, weka friji chini ya nyuzi 4, na umpike siku hiyo au kesho yake. Kama ni wa zaidi ya hapo mgandishe siku ile ile uliyomnunua, usingoje aanze kuharibika ndo umkimbize friza. Kumyeyusha ni ndani ya friji usiku kucha, sio juu ya karo.

Ndimu na ukwaju vinakata shombo, haviui vijidudu. Pika mpaka nyama iwe nyeupe na iachane na mwiba. Chaza pia pika kabisa, manake chaza anakunywa maji anachuja, kila kilichomo majini kinabaki kwake, na mvua ikipiga mitaro ikamwaga baharini mimi siwali wiki kadhaa.

Na mafuta ya karai yakishakuwa meusi na mazito yamwage. Mamangu alikuwa anabadilisha kila siku wakati wenzake wanaongezea tu juu ya ya jana, walikuwa wanamwambia anatupa faida. Wateja walijua kwa nini wanapanga foleni kwake.

Ikikwama

Nimefika jioni, kumebaki fungu moja. Kagua kama kawaida. Usiporidhika naye moyoni, rudi nyumbani upike kunde za nazi. Kulala bila samaki usiku mmoja hakujamwua mtu.

Barafu imekosekana. Nunua wa mshipi aliye hai au aliyeingia sasa hivi, funika kwa gunia lenye maji, weka kivulini, upike ndani ya saa mbili. Siku hiyo usichukue jodari wala vibua.

Muuzaji amekasirika nikimuuliza zana. Mshukuru, sogea kwa wa pili. Usigombane wala usimhubirie, huyo anatafuta riziki na pengine yeye si mvuvi, amechukua kwa tajiri wala hajui. Ukikutana na juya au baruti yenyewe ikitumika, waambie kamati ya wavuvi wa bandari ile, BMU, ndo kazi yao.

Hela haitoshi, wakubwa wote ni ghali. Ndo ninasema dagaa na vibua. Au shirikianeni majirani watatu mnunue kolekole mmoja mkubwa mgawane, kilo yake inakuja kuwa nafuu kuliko fungu la vitoto ambalo nusu ni miba.

Samaki wa friza wa dukani je? Yupo sawa kama amegandishwa vizuri. Bonyeza pakiti, awe mgumu kama jiwe kote. Ukiona theluji nyingi ndani ya mfuko au samaki amejikunja umbo la mfuko, amewahi kuyeyuka akagandishwa tena, mwache.

Nimeshapika ndo nahisi harufu. Mwage wote na mchuzi wake. Usimpe paka wa jirani.

Nimekula jodari, uso unawaka. Acha kula hapo hapo, hifadhi kipande kilichobaki, nenda zahanati uwaambie umekula samaki gani na saa ngapi, dawa za mzio zinasaidia. Kama pumzi inabana au midomo inakufa ganzi usingoje gari la mtu, chukua bodaboda uende hospitali saa hiyo hiyo.

Mume hataki dagaa, anasema ni chakula cha kuku. Hili nimeulizwa zaidi ya mara kumi. Wachague mawe na vichwa, waoshe maji ya uvuguvugu, wakaushe, wakaange mpaka walie kwenye mafuta, kisha kitunguu, nyanya, pilipili mbichi, tui zito, na ndimu ukishaepua. Usimwambie ni nini mpaka amalize sahani.